Boksi Lililoziba Bei ya Dagaa

Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku, kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haivuti kitu, mitumbwi inapandishwa nchi kavu, na pale sokoni Mwaloni Kirumba bei ya gunia inaanza kupanda. Giza likirudi, dagaa nao wanarudi na bei inalegea. Mfanyabiashara aliyeko Tunduma au Lubumbashi, ambaye mzigo wake unatoka hapa Mwanza, anaifuata kalenda hiyo mwaka mzima. Akishika simu asubuhi ana swali moja tu: leo gunia linauzwaje?

Anafungua ukurasa wa muuzaji wa Kirumba. Mstari wa bei unaonekana kidogo, halafu boksi linaruka katikati ya kioo: "Usiondoke! Weka barua pepe yako upate punguzo." Bei imezibwa. Alama ya kufungia ni ndogo, ya kijivu, imejificha kwenye kona; kidole kinakosea, ukurasa mwingine unafunguka. Mtu huyo harudi. Anampigia muuzaji mwingine ambaye hana hata tovuti, anatajiwa bei, wanakubaliana, hela inatumwa.

Kazi yangu ni kutengeneza kurasa za biashara ndogo hapa mjini na kuendesha matangazo yao mtandaoni, na karibu kila mteja mpya ananiuliza kama popapu, yaani maboksi ya kuruka kama hilo, bado zinalipa. Swali hili nalichukulia kwa uzito kwa sababu wanaoliuliza wanatoa hela kwenye mtaji wao wenyewe. Msimamo wangu ni kwamba popapu inaweza kukuletea namba nyingi na wakati huohuo ikakufukuzia wateja. Kwa biashara inayomtegemea mtu mwenye simu ya kawaida na bando la siku, mara nyingi hayo mawili huenda pamoja.

Inafaa kujua kitu hiki kilianzaje, maana kilibuniwa kumwondolea shida mtu mwingine kabisa. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Mmarekani Ethan Zuckerman alikuwa anafanya kazi Tripod, huduma iliyowapa watu kurasa za bure wakaandika walichotaka. Hela ya kuendesha huduma ilitoka kwenye matangazo. Kampuni moja ya magari ikakuta tangazo lake limekaa kwenye ukurasa wa mambo ya ngono, ikaja juu. Zuckerman akaandika programu fupi ya kufungua dirisha jingine na kuliweka tangazo humo, ili jina la mtangazaji lisionekane limeambatana na maneno ya mwenye ukurasa. Aliyelindwa pale ni mtangazaji. Msomaji hakuwamo kwenye hesabu. Mwaka 2014 Zuckerman aliandika makala ndefu katika jarida la The Atlantic, akakiri mchango wake na kuomba radhi hadharani. Mimi namheshimu kwa hilo na kwa jambo jingine: ni mmoja wa waanzilishi wa Global Voices, mtandao wenye toleo la Kiswahili, ambako mwanablogu wetu Ndesanjo Macha aliwahi kuwa mhariri wa Afrika kusini mwa Sahara. Wengi tunaoandika blogu kwa Kiswahili tuna deni pale.

Madirisha hayo yalienea haraka, na watu wakachoka haraka vilevile. Opera ilikuwa miongoni mwa vivinjari vya mwanzo kuyazuia. Mwaka 2004 Microsoft waliweka kizuizi ndani ya Internet Explorer kupitia Windows XP Service Pack 2, na Novemba mwaka huo Firefox 1.0 ikatoka na kizuizi chake. Mwaka huohuo mtaalamu wa matumizi ya tovuti Jakob Nielsen alichapisha matokeo ya utafiti ambapo asilimia 95 ya watumiaji walilalamikia tangazo linaloruka mbele ya ukurasa wanaousoma. Ni vigumu kupata jambo lolote ambalo watu 95 kati ya 100 wanakubaliana.

Watangazaji wakahamia ndani. Popapu ya leo kwa kawaida si dirisha jipya. Ni tabaka linalochorwa juu ya ukurasa uleule, na kivinjari hakiwezi kulitofautisha kwa urahisi na menyu au picha iliyokuzwa, kwa hiyo kizuizi cha zamani hakiligusi. Anayekuambia kwamba popapu zilikufa anazungumzia zile za madirisha. Hizi za ndani ziko kila mahali, na ndizo zinazouzwa kwenye mafunzo ya mtandaoni ambayo vijana wetu wa masoko wanayafuata.

Google nao walichukua hatua. Tangu tarehe 10 Januari 2017, ukurasa wa simu unaomzuia mtu kusoma mara tu anapotoka kwenye matokeo ya utafutaji unaweza kushushwa nafasi. Walioachwa ni wenye boksi linalotakiwa kisheria, kama la kuthibitisha umri, na wenye ukanda mwembamba usiokula nafasi kubwa ya kioo. Kisha Chrome ikaanza kuchuja matangazo ya tovuti zinazokiuka viwango vya Coalition for Better Ads, muungano wa kampuni za matangazo na mtandao, kwanza Marekani Kaskazini na Ulaya Februari 2018, halafu dunia nzima Julai 2019. Popapu zimo kwenye orodha ya vilivyokataliwa, kwa kompyuta na kwa simu. Muuza dagaa ambaye mteja wake anamfikia kwa kuandika "bei ya dagaa Mwanza" kwenye Google anaweza kupoteza nafasi yake kwa ajili ya boksi moja.

Sasa nije kwenye upande wa wanaozitetea, kwa sababu hoja zao si za kupuuzwa. Sumo, kampuni ya Marekani iliyokuwa inauza programu za popapu, iliwahi kuchambua popapu karibu bilioni 2 zilizooneshwa kwenye tovuti za wateja wake na kupata kwamba kwa wastani asilimia 3.09 ya waliooneshwa walijiandikisha. Asilimia 10 zilizofanya vizuri zaidi zilipata wastani wa asilimia 9.28. Ni namba kubwa. Fomu iliyokaa kimya chini ya ukurasa kwa kawaida haifikii huko.

Lakini angalia kinachohesabiwa. Chukua watu 1,000 walioona boksi lako. Kwa wastani ule, 31 wanaacha anwani zao. Ripoti inawataja hao 31. Wale 969 ripoti haiwasemi: wangapi walifunga boksi wakaendelea kusoma, wangapi walikuwa na hela mkononi wakaondoka bila kuiona bei. Na hao 31 nao hawajanunua chochote. Wametoa anwani ili boksi liondoke, au kwa sababu ya punguzo ambalo muuzaji wa dagaa, ambaye faida yake kwa gunia ni nyembamba, hana uwezo wa kulitoa kila siku.

Halafu kuna hiyo anwani yenyewe. Mtambo mzima wa popapu ulijengwa kwa watu wanaoamka na kusoma barua pepe. Huku kwetu wengi wana barua pepe kwa sababu simu ya Android iliwataka wafungue akaunti ili wapakue programu. Aliyeifungua mara nyingi ni fundi wa dukani Makoroboi au mtoto wa shule nyumbani, na nywila hakuna anayeikumbuka. Ukikusanya anwani 500 za namna hiyo una orodha ya masanduku yasiyofunguliwa. Mteja yuko WhatsApp. Hapo ndipo anapouliza bei, anapotuma picha ya muamala, na anapolalamika mzigo ukichelewa Isaka. Nimeona wafanyabiashara wakilipia kwa mwezi programu ya kutuma barua kwa watu ambao wangewapata kwa ujumbe mmoja wa simu, na roho inaniuma, kwa sababu hela hiyo ingenunua chanja nyingine ya kuanikia.

Jambo linalonigusa zaidi, na ambalo mafunzo ya Marekani hayana sababu ya kulitaja, ni bando. Pale ambako mtu ana intaneti ya nyumbani isiyopimwa, boksi la ziada halimgharimu chochote ila subira. Huku, kila kinachoshuka kwenye simu kimelipiwa na mwenye simu. Boksi la popapu linakuja na programu yake, fonti zake, na mara nyingi picha kubwa ya kuvutia macho. Picha yenye MB 1 ikioneshwa kwa watu 1,000 imekula karibu GB 1 ya mabando ya watu, na karibu wote wameifunga bila kuisoma. Muuzaji anaamini tangazo hilo ni la bure kwa sababu yeye hakulilipia. Wamelilipia wateja wake, wakiwemo wavuvi wa visiwani Ukerewe ambao mtandao wao unapanda na kushuka, na ambao ukurasa ukizidi uzito haufunguki kabisa.

Kuna na wale wanaotumia Opera Mini ili kubana matumizi. Kwenye hali yake ya kubana zaidi, ukurasa hupitia kwenye seva za Opera kwanza, unapunguzwa, kisha unatumwa kwenye simu ukiwa mwepesi. Sehemu kubwa ya uchangamfu wa ukurasa inabaki huko kwenye seva. Popapu inaweza kufika imeganda: boksi limechorwa, kitufe cha kulifunga hakifanyi kazi. Mwenye tovuti hajui, kwa sababu yeye anaijaribu kwenye Chrome kwa simu yake nzuri iliyounganishwa na WiFi ya ofisini. Ukiwa na duka mtandaoni, azima simu ya bei ya chini, weka data, uende mtaani Igoma au Buzuruga, ufungue ukurasa wako ukiwa umesimama juani. Utajifunza mengi kuliko kwenye ripoti yoyote.

Na kuna suala la imani. Kila Mtanzania mwenye simu amewahi kupokea ujumbe wa kitapeli wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kwenye intaneti tumekutana na mabinamu zake: hongera umeshinda simu, simu yako ina virusi bonyeza hapa, tovuti hii inaomba kukutumia arifa. Mengi ya hayo yalikuja kwa umbo la boksi linaloruka. Kwa hiyo watu wamejifunza, kwa gharama, kwamba kinachoruka chenyewe ni cha kufunga haraka. Anayekudaka mkono kabla hujasema unakwenda wapi ni mpiga debe, na abiria wa stendi ya Nyegezi ana namna yake ya kumpita bila kumsikia. Muuzaji mwaminifu anayeweka boksi la namna hiyo anajivalisha sura ya watu wengine. Dagaa wake wanaweza kuwa safi, waliokaushwa kwenye chanja na si kwenye mchanga, lakini mteja hatafika hapo kwenye maelezo.

Kijana mmoja anayeuza safari za utalii hapa mjini alinipinga kwa nguvu, na nilifurahi alivyonipinga.

"Kaka, wewe unaongelea dagaa," aliniambia. "Wageni wangu wanatoka Ujerumani na Uholanzi. Wanapanga safari miezi sita kabla, wamekaa kwenye laptop, na imeili wanasoma kila siku. Nisipochukua imeili yake leo, nitampata wapi tena?"

"Anaangalia ukurasa mara ngapi kabla hajalipa, mdogo wangu?"

"Hata mara kumi. Analinganisha. Ndiyo maana namtaka kwenye orodha."

Hoja yake ina mashiko. Mgeni anayetaka kuingia Serengeti kupitia lango la Ndabaka, upande wetu huu, badala ya kushukia Arusha anahitaji maelezo mengi: barabara, muda, msimu, kama atapata siku moja ya kupita Kisiwa cha Saanane. Si uamuzi wa asubuhi moja. Boksi linalompa ratiba ya siku nne aliyokuwa anaitafuta, kwa malipo ya anwani yake, linampa kitu halisi. Na kwenye kompyuta kuna ujanja wa kusubiri hadi kishale cha mausi kielekee juu, dalili kwamba mtu anataka kufunga ukurasa, ndipo boksi litokee. Yaani halimkatizi anaposoma. Ujanja huo kwenye simu haupo kwa ukamilifu wake, maana simu haina mausi. Programu zinabahatisha kwa kuangalia mtu anavyorudisha ukurasa juu au anavyogusa kitufe cha kurudi, na hapo kero inaanza upya.

Kwa hiyo yeye na muuza dagaa hawapaswi kupewa ushauri mmoja. Kinachowatofautisha ni muda ambao mteja anauhitaji kuamua, na mahali anaposoma ujumbe. Anayenunua leo apewe bei leo, bila kizuizi chochote mbele yake. Anayenunua baada ya miezi anaweza kuombwa mawasiliano, kwa adabu, baada ya kupewa kitu.

Nilimkumbusha pia sheria, na hili nalirudia kwa kila mtu kwa sababu wafanyabiashara wadogo wengi wanadhani haliwahusu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume inayoisimamia. Jina na namba ya simu ya mtu ni taarifa binafsi. Ukiweka boksi la kuzikusanya, unatakiwa kumwambia mtu unazichukua kwa ajili ya nini, uzitumie kwa hilo tu, uzitunze zisivuje, na wakusanyaji wanatakiwa kusajiliwa na Tume. Wageni wa Ulaya nao wana kanuni yao, GDPR, inayofanya kazi tangu Mei 2018. Orodha ya namba za wateja iliyokaa kwenye faili ambalo kila mfanyakazi wa zamani bado anaweza kulifungua ni hatari kwa watu wenye majina humo, na matapeli wanaoijua namba ya mtu na mzigo aliouagiza ndio wabaya kuliko wote.

Popapu ninayoipendekeza ni ile ambayo mteja ameifungua mwenyewe. Kwenye ukurasa wa dagaa bei inakaa juu kabisa, na tarehe yake, kwa maandishi tu bila picha. Chini yake kitufe cha WhatsApp. Chini zaidi maneno mafupi: "Nijulishe bei ikishuka." Anayeyagusa ndiye anayefunguliwa boksi, nalo linauliza mambo mawili: namba ya WhatsApp, na kama anataka dagaa wa chakula au wa kulisha kuku. Watakaojaza ni wachache kuliko wale 31. Lakini kila mmoja wao ni mtu anayenunua dagaa, na giza likirudi ziwani anatumiwa ujumbe mmoja alioomba atumiwe.

Kuna boksi moja tu la kuruka lenyewe ambalo nitalitetea mbele ya mtu yeyote. Matapeli wakianza kutumia jina la duka lako kuwadai watu hela, ziba ukurasa wote kwa onyo: lipa namba yetu ni hii, hatuna nyingine, usitume popote. Hapo mteja akikatizwa anaokolewa.

Kuhusu kupima, msitegemee ripoti ya programu ya popapu peke yake. Kiungo cha WhatsApp cha wa.me kinakuruhusu kuandaa mapema maneno ambayo mteja atayatuma akikigusa. Weka maneno tofauti kwa kila mahali. Kitufe cha juu kiandike "Habari, nimeona bei ya leo". Ujumbe unaowatumia waliojaza boksi uwe na kiungo cha "Habari, nimepata taarifa ya bei". Tangazo la Facebook nalo lipewe maneno yake. Kila anayekuandikia anakuja na alama ya alikotoka bila kuulizwa swali na bila programu ya ziada kwenye ukurasa. Kwenye WhatsApp Business wape lebo: ameuliza, amelipa, amerudi tena. Mwisho wa mwezi kaa na simu yako na daftari la mauzo, uangalie waliolipa walitokea mlango gani. Baadhi ya mikopo ya biashara hapa Mwanza ni ya riba kali, na mtu anayelipia matangazo kwa hela ya mkopo ana haki ya kujua jibu hilo kwa shilingi.

Yule kijana wa utalii amekubali kujaribu kuanzia Juni hadi Oktoba, msimu ambao wageni wa Serengeti ni wengi. Boksi lake litatokea kwa wanaotumia kompyuta tu, mara moja kwa kila mgeni, likiwa na ratiba ya siku nne ndani yake. Kwenye simu halitakuwepo kabisa. Yeye bado anasema nitashangaa. Nimemwomba asinihesabie anwani bali safari zilizolipiwa, na amekubali niyachapishe matokeo hapa, yakimpa haki yeye au yakinipa mimi.